Uso wa Ovyo, Mikono Safi: Kupaka Wanja Uliotapakaa Bila Kuumiza Macho

MADA: Vipodozi vya macho na afya
WALENGWA: Vijana wa shule na vyuo, kina mama, wenye saluni, wauzaji wa vipodozi
LENGO: Msikilizaji ajue jinsi ya kupaka, kuondoa na kutunza vipodozi vya macho, na atambue dalili za kumpeleka hospitali haraka

Iwe uko Maua ukifunga miraa, Githongo ukichuma chai, Runyenjes sokoni ama Siakago ukichunga mbuzi, sogeza redio karibu na umwite na binti yako asikilize.

Leo tutazungumza juu ya wanja. Siku hizi ukipita karibu na vyuo vyetu, pale Embu, Chuka ama Nchiru, utawaona wasichana, na wavulana pia, macho yao yamezungushiwa weusi uliotapakaa kama mtu aliyelia ama aliyelala na wanja wa jana. Rangi ya mdomo imevuka mpaka wa mdomo. Nywele zimeachwa timtimu. Mzazi akimwona mtoto wake hivyo anashtuka: "Kwani umepigwa?" Mama, tulia kwanza. Huo ni mtindo, na unaitwa granji.

Mimi ni muuguzi, na sikuja hapa kukemea urembo. Hata wazee wetu wa zamani, Wameru na Waembu, walijipaka udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta, wakapendeza. Ninalotaka kusema ni jambo moja: uso unaweza kuonekana wa ovyo, lakini mikono, brashi na wanja wenyewe haviwezi kuwa vya ovyo. Mtindo huu unapakwa pembeni kabisa mwa jicho, na jicho halina spea.

MTINDO HUU ULITOKA WAPI

Granji ilianza kama muziki wa gitaa katika mji wa Seattle, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1980. Bendi ya Nirvana ilipotoa albamu yake Nevermind mwaka 1991, muziki huo ulienea duniani kote. Wanamuziki wake walivaa mashati ya mirabamiraba yaliyochakaa, sweta zilizotoboka na viatu vizito, nguo za kununuliwa katika maduka ya mitumba. Kwa hiyo mtu wa Gakoromone ama wa soko la Embu anayechagua shati kwenye rundo la mitumba anaielewa granji vizuri kuliko anavyodhani. Waimbaji wa kike kama Courtney Love wa bendi ya Hole walipanda jukwaani na wanja uliotapakaa na mdomo mwekundu. Mwaka 1992 mbunifu Marc Jacobs aliupeleka mtindo huo katika maonyesho ya mavazi ya kampuni ya Perry Ellis huko New York, na muda mfupi baadaye akapoteza kazi yake. Lakini mtindo haukufa. Umerudi mara kwa mara, na sasa umefika kwetu kupitia simu.

Tuelewe mtindo wenyewe unaigiza nini. Unaigiza mtu aliyechoka, aliyekesha, asiyejali. Huku kwetu tunayajua macho ya kukesha, maana tunayaona kila asubuhi kwa mtu aliyetafuna miraa usiku kucha. Kijana, uchovu wa wanja unaondoka kwa pamba na sabuni. Uchovu wa kweli wa kukosa usingizi, pombe na miraa hauondoki hivyo. Kama unapenda sura ya uchovu, ipake, lakini ulale usingizi wako.

JICHO LINAFANYA KAZI VIPI

Ngozi ya kifuniko cha jicho ni nyembamba kuliko ngozi nyingine yoyote ya mwili. Ndiyo maana kitu kisichodhuru shavu kinaweza kuwasha na kuvimbisha jicho.

Ukivuta kifuniko kidogo mbele ya kioo, utaona ukingo wake, mahali kope zinapoota. Nyuma tu ya kope kuna matundu madogo sana, zaidi ya 20 katika kila kifuniko. Hiyo ni midomo ya tezi zinazotoa mafuta. Mafuta hayo hutanda juu ya machozi ili jicho lisikauke. Ukipaka wanja juu ya ukingo huo, ndani ya mstari wa kope, unaziba matundu hayo. Jicho linakauka, linawasha, na wakati mwingine tezi iliyoziba inavimba na kuwa uvimbe ama chokea.

Tena, wanja haukai ulipopakwa. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo huko Kanada walirekodi video za macho yaliyopakwa wanja. Waliona kwamba wanja uliopakwa ndani ya mstari wa kope uliingia kwenye machozi haraka zaidi, na kwa wingi zaidi, kuliko uliopakwa nje ya kope. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: wanja ukae nje ya kope, usiingie ndani.

JINSI YA KUPAKA, HATUA KWA HATUA

Kwanza, nawa mikono kwa sabuni, kisha uso. Vumbi la barabara zetu za murram likichanganyika na wanja ni kama msasa.

Pili, paka mafuta kidogo ya uso uliyoyazoea. Subiri dakika chache yaingie.

Tatu, chonga kalamu ya wanja ili ncha iwe mpya. Chora mstari juu ya kope za juu na chini ya kope za chini, kwa nje. Usihangaike kuunyoosha. Mtindo huu hautaki mstari ulionyooka, na hiyo ndiyo raha yake kwa anayejifunza.

Nne, chukua kijiti cha pamba kisafi na uusugue mstari huo taratibu mpaka utapakae. Kama huna kijiti, tumia kidole cha pete kilichonawiwa, kwa sababu hicho hakina nguvu nyingi. Usivute ngozi.

Tano, kama una poda ya macho ya rangi ya kahawia ama ya damu ya mzee, gusa kidogo juu ya ule weusi. Kung'uta brashi kwanza, mbali na uso, ili unga usidondokee ndani ya jicho.

Sita, maskara. Paka kuanzia katikati ya kope kwenda kwenye ncha. Usianzie kwenye shina.

Saba, mdomo. Paka rangi katikati, kisha igongegonge kwa kidole mpaka ukingo upotee.

Umemaliza. Hapo hujahitaji wanja wa jana wala brashi chafu. Wapo wanaosema siri ya granji ni kulala na vipodozi ili asubuhi viwe vimejivuruga vyenyewe. Huo ndio ushauri mbaya kuliko yote, na tutaurudia baadaye.

VITU VISIVYOPAKWA MACHONI

Kijana asiye na pesa ni mbunifu, na ubunifu mwingine tunakuja kuutibu. Usipake kalamu ya kuandikia ya wino wala maka-peni. Usipake rangi ya viatu. Usipake masizi ya sufuria, makaa yaliyosagwa na Vaseline, wala kijiti cha kiberiti kilichoungua. Makaa yakisagwa yanabaki na chembe zenye makali, na chembe moja inatosha kukwaruza konea, yaani kile kioo cha mbele cha jicho.

Rangi ya mdomo nayo ibaki mdomoni. Wengi huipaka juu ya macho ili yawe mekundu. Baadhi ya rangi zinazoruhusiwa kwa midomo haziruhusiwi karibu na macho. Tafuta poda iliyoandikwa kuwa ni ya macho.

Unaponunua, soma kifuniko. Tafuta tarehe ya mwisho wa matumizi na alama ya Shirika la Viwango la Kenya, KEBS. Kama mchuuzi ameweka kalamu moja ya kujaribia na kila mteja anaipitisha machoni, ijaribu nyuma ya mkono wako, usiitie jichoni. Na kipodozi kipya kipake kwanza kidogo ndani ya kiwiko, ungoje siku moja ama mbili. Kikiwasha, usikipeleke usoni.

WANJA WA UNGA NA MTOTO MCHANGA

Hapa naomba kina mama wanisikilize vizuri. Kalamu ya wanja ni kitu kimoja, na wanja wa unga ni kitu kingine. Wanja wa unga, unaoitwa pia surma, kuul ama wanja wa manga, ni urembo wa siku nyingi huko Pwani na kwa majirani zetu wa Isiolo na kaskazini. Pwani watoto wachanga pia hupakwa wanja, na wengi huamini unawakinga na kijicho.

Shida ni kwamba wanja wa unga wa aina nyingi hutengenezwa kwa jiwe liitwalo galena, na jiwe hilo ni madini ya risasi. Mtoto husugua macho kisha hutia vidole mdomoni. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto mdogo hufyonza risasi mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima, na kwamba hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Risasi huharibu ubongo unaokua. Mtoto haonyeshi kitu leo, lakini baadaye akili inachelewa darasani.

Mwaka 2011 huko Boston, Marekani, mtoto wa miezi 6 alipimwa damu ikakutwa na risasi. Wazazi walikuwa wakimpaka machoni unga uitwao tiro, ulioletwa kutoka Nigeria. Unga ulipopimwa ulikutwa umejaa risasi. Wazazi hao walikuwa wakimpamba mtoto wao kwa mapenzi, kama mzazi yeyote.

Kwa hiyo, mama, mtoto mchanga asipakwe wanja. Na wewe mwenye mimba ama unayenyonyesha, wanja wa unga usiojua umetengenezwa kwa nini uuache kabisa.

KUUONDOA WANJA USIKU

Turudi kwa yule anayelala na vipodozi. Mwaka 2018 daktari wa macho wa Sydney, Australia, alieleza habari za mwanamke wa miaka 50 aliyekuja akilalamika kwamba kuna kitu kinamkwaruza. Daktari alipogeuza vifuniko vya macho alikuta vinundu vyeusi vilivyoganda ndani ya ngozi. Ilikuwa maskara ya miaka zaidi ya 25, ambayo hakuwa akiiondoa vizuri kabla ya kulala. Vinundu vilitolewa kwa upasuaji, na konea ilikuwa imebaki na makovu.

Kuondoa ni kazi ya dakika tano. Nawa mikono. Tia mafuta ya mtoto ama Vaseline safi kidogo kwenye pamba. Funga jicho, weka pamba juu yake na uhesabu hadi 20 ili wanja ulegee. Kisha futa kutoka upande wa pua kwenda nje. Kila jicho lipate pamba yake. Malizia kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, macho yakiwa yamefungwa.

Najua Tharaka na Mbeere maji ni ya kununua kwa mtungi. Pamba na mafuta vinatangulia kwa sababu hiyo. Baada ya hapo kikombe kimoja cha maji safi kinatosha. Siku ambayo huna hata hicho kikombe, usipake.

Maskara itupwe baada ya miezi 3, hata kama haijaisha. Kila unapochomoa brashi na kuirudisha, unaingiza viini mle chupani, na mle kuna giza na unyevu wa kuvifaa. Ikikauka usiongeze maji wala mate. Na ukiugua macho, tupa kila ulichokuwa ukikitumia. Inauma mfukoni, lakini usipokitupa utajiambukiza tena.

WANJA MMOJA, WASICHANA WANNE

Chukua mfano wa chumba kimoja cha hosteli. Wasichana wanne wanajitayarisha kwa sherehe, na wanja ni mmoja. Wa kwanza ana macho mekundu kidogo, yenye matongo asubuhi, lakini anasema ni baridi. Wanja unazunguka. Baada ya siku mbili tatu, chumba kizima hakifungui macho. Hapo ni ugonjwa wa macho mekundu tu, na wengi watapona. Lakini kuna viini vingine, kama kile kiitwacho Pseudomonas, ambavyo vikipata mkwaruzo mdogo kwenye konea vinaweza kuitoboa kwa muda wa siku chache. Kidonda hicho kikipona huacha kovu jeupe, na kovu likiwa katikati mtu haoni. Kushiriki chakula ni utu. Wanja, kila mtu awe na wake.

UKIJA KLINIKI, NJOO NA USO MTUPU

Mgonjwa akiingia, kabla hajasema neno tunamsoma uso. Tunavuta kifuniko cha chini cha jicho kuona kama damu imepungua. Tunaangalia weupe wa jicho kama umekuwa manjano. Tunaangalia midomo kama imegeuka bluu kwa kukosa hewa. Kwa mama mjamzito, uso uliovimba unaweza kuwa dalili ya shinikizo la damu. Wanja, poda na rangi ya mdomo hutuficha hayo yote.

Kuna la mwisho hapo. Wakati mwingine weusi ulio chini ya jicho si wanja, ni ngumi, na wanja umepakwa juu yake ili majirani wasijue. Dada, kwetu hutahukumiwa. Tuambie, ama piga simu 1195, ni bure, usiku na mchana.

DALILI ZA KUKUPELEKA HOSPITALI

Nenda siku hiyo hiyo ukiona moja ya haya: maumivu makali ya jicho, kuona ukungu, kushindwa kuvumilia mwanga, doa jeupe juu ya sehemu nyeusi ya jicho, matongo mengi ya manjano ama kijani, kifuniko kilichovimba na kuwa moto. Anzia kituo cha afya kilicho karibu. Hospitali kuu za Meru na Embu zina kliniki za macho, na utaelekezwa huko ikihitajika.

Kama kipodozi kimeingia jichoni, usisugue. Mwagilia maji safi kwa dakika 15. Usitie maziwa ya mama, mate, sukari, mkojo wala majani. Usinunue matone ya macho kwa kuyakisia, hasa yenye steroidi. Yanaondoa wekundu haraka, ukadhani umepona, kumbe kidonda kinaendelea kula. Yakitumiwa muda mrefu yanaweza kuleta presha ya macho na upofu.

MASWALI AMBAYO WASIKILIZAJI HUULIZA

Swali: Naweza kupaka Vaseline juu ya macho ili yang'ae?
Jibu: Ndiyo, kidogo, juu ya kifuniko na mbali na shina la kope. Iwe ya kopo lako mwenyewe, na uitoe kwa kijiti kisafi.

Swali: Nimenunua lenzi za rangi za kubandika machoni. Nizivae na wanja?
Jibu: Lenzi bila kupimwa na mtaalamu wa macho usivae. Kama ulipimwa, vaa lenzi kabla ya kupaka, na uzitoe kabla ya kuondoa vipodozi. Usizioshe kwa maji ya mfereji wala mate, tumia dawa yake. Na usilale nazo.

Swali: Mimi nina saluni. Siwezi kumnunulia kila mteja wanja wake.
Jibu: Chonga kalamu kabla ya kila mteja, na uifute na kichongeo chake kwa spiriti, ikauke. Tumia kijiti kipya cha pamba kwa kila jicho. Maskara mwambie mteja aje na yake. Mwenye macho mekundu mrudishe kwa upole, umwambie aje akipona.

KUMBUKA HAYA

1. Nawa mikono kabla ya kugusa macho.
2. Wanja ukae nje ya kope.
3. Kila mtu na wanja wake na maskara yake.
4. Mtoto mchanga hapakwi wanja.
5. Usilale na vipodozi.
6. Jicho likiuma ama likiona ukungu, hospitali siku hiyo hiyo.

Mpenzi msikilizaji, muda wetu umekwisha. Mzazi, leo jioni binti akitoka chumbani macho yamemtapakaa weusi, usimfokee. Muulize kama amenawa mikono, na wanja ni wa nani. Kwaherini, na afya njema.